Shuka Juu ya Tangi

Simu iliita saa nne na nusu asubuhi, duka la dawa likiwa limejaa watu wenye mafua. Kitinda alimpa mteja chupa yake ya dawa ya kikohozi, akamweleza matumizi mara mbili maana mara ya kwanza alikuwa amekosea idadi ya vijiko, kisha akajivuta nyuma ya rafu na kupokea.

"Amefunika tena," ilisema sauti ya Mama Pole.

"Shuka lile lile?"

"Hilo hilo la bluu. Na taa amezima. Nimewasha, amezima. Nimewasha tena, amenitazama kama nimemtukana. Pole, mwanangu."

Mama Pole alikuwa jirani, mjane mwenye miguu mizito na moyo mwepesi, aliyeshinda na baba yake Kitinda kila siku ya kazi. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu alimpa pole kila mtu kwa kila jambo, hata ukimwambia umepandishwa cheo.

"Mwache kwanza," Kitinda alisema. "Usibishane naye. Nikirudi nitalitoa mwenyewe."

Alirudi kaunta. Lebo ya mteja aliyefuata aliisoma mara tatu kabla ya kuibandika.

Baba yake alikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na minne, mtu wa kuingia ndani ya mashimo ya giza kwenye majengo marefu na kutoka na grisi hadi masikioni. Miezi minne iliyopita kiharusi kilimkuta akiwa amepiga magoti mbele ya tangi lake la samaki, mkono wa kulia umezama majini hadi kiwikoni. Mkono huo ndio uliotangulia kukataa amri. Alilazwa wiki tano. Aliporudi nyumbani alikuwa anatembea kwa kuburuta mguu mmoja, mkono ukining'inia, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja tu: basi.

Unataka chai? Basi. Umelala vizuri? Basi. Akiona msomaji wa habari asiyempenda kwenye runinga: basi! Alilitamka kwa sauti za kila aina, ya upole, ya kuuliza, ya kukaripia. Daktari alieleza kwamba kiharusi huweza kumwachia mtu neno moja linalojitokea lenyewe kila akifungua kinywa, hata kama moyoni alikusudia jingine. "Msilitilie maanani sana," alisema. Nao hawakulitilia. Kuandika alijaribu kwa mkono wa kushoto, lakini herufi zilitoka kama uzi uliofumuka, akaitupa kalamu chini ya kochi na hakuiomba tena.

Tangi lenyewe lilichukua karibu ukuta mzima wa sebule. Lita mia nne za maji, gogo jeusi lililolala katikati, mimea ya majani mapana nyuma na nyasi fupi mbele, na samaki saba aina ya diskasi: bapa, mviringo kama visahani vya vikombe, wenye mistari ya samawati juu ya rangi ya kahawia. Ni samaki wa kudeka. Wanataka maji ya vuguvugu ya nyuzi ishirini na tisa, laini, safi. Ukiwaudhi wanageuka weusi na kujibanza pembeni kama watoto walionyimwa kitu. Mkubwa wao alikuwa na miaka kumi na mmoja na macho mekundu, na baba alimwita Bi Mkubwa kwa sababu hakuna aliyethubutu kula kabla yake.

Baba alipokuwa hospitali, Kitinda alilitunza tangi kwa woga, akifanya alichokumbuka. Baba aliporudi, alilitunza kwa mapenzi, na hapo ndipo alipoharibu, ingawa wakati huo hakujua. Alimwona baba ameketi kwenye kiti chake siku nzima akitazama samaki, akaona huruma. Taa ya tangi ilikuwa na kisaa chake cha kuiwasha na kuizima. Kitinda alikichomoa, akaiacha iwake tangu alfajiri hadi muda wa kulala, ili mzee asikose cha kutazama. Chakula nacho aliongeza, maana samaki wakila walichangamka, na wakichangamka baba alisogea mbele kwenye kiti.

"Basi, basi," baba alisema kila alipotia.

"Wewe nawe, waache wale," Kitinda alimjibu akicheka.

Wiki ya sita tangu baba arudi ulitokea utando. Ulianza mchangani kama doa la rangi ya kijani iliyoingia ubluu, ukapanda kwenye nyasi, ukafunika majani mapana moja baada ya jingine kama kitambaa kilicholowa. Uliteleza. Ulinuka udongo wa shimoni. Kitinda aliubandua kwa mkono jioni moja, ndoo nusu nzima, na baada ya siku mbili ulikuwa umerudi pale pale, umetandaa vizuri zaidi, kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani. Samaki walianza kusimama nyuma ya gogo. Na baba akaanza kuzima taa na kufunika tangi kwa shuka.

Saa saba mchana, kama kila siku, kaka yake alipiga simu. Kaka alikuwa mpima ardhi katika mji mwingine, safari ya saa saba, na kwa kuwa hakuweza kuwapo alitaka angalau kujua kila kitu.

"Nasikia amefunika tena."

"Nani kakuambia?"

"Nimempigia Mama Pole. Sikiliza, Kitinda. Mtu anayewafunika samaki shuka mchana kweupe leo, kesho atafungua gesi aende zake kulala. Wewe uko kazini. Mama Pole goti linamsumbua. Mtafanya nini?"

"Hajawahi kugusa jiko."

"Na shuka hakuwahi kugusa, mpaka alipoligusa." Kaka alivuta pumzi. "Nakuja Jumamosi. Chumba cha uani nimeshakipaka rangi, mke wangu ameshanunua godoro. Tangi atalichukua Mapezi, nimeshazungumza naye. Saa tano asubuhi analeta gari."

Mapezi alikuwa muuza samaki wa mapambo, rafiki wa baba kwa miaka mingi, mtu mwenye masikio yaliyosimama kila upande hata jina lingine lisingemfaa.

"Kaka, tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Itokee nini?"

Kaka hakuwa mtu mbaya; hilo ndilo lililomtisha. Hoja yake ilikuwa na miguu. Mara mbili wiki iliyotangulia Kitinda mwenyewe alikuwa ametoka kazini mbio, akinusa hewa tangu kwenye ngazi kama kuna gesi. Lakini pia alijua baba akiwekwa kwenye chumba kipya chenye harufu ya rangi, bila maji yake, bila samaki wake, bila neno la kuombea chochote, angezimika tu, taratibu, mbele ya watu wanaompenda.

Jioni ya Jumatatu hiyo alitoa shuka, akawasha taa. Baba alimtazama, akasema "Basi" kwa sauti ya chini, akageuza uso ukutani. Kitinda akasimama mbele ya ule uchafu akajiambia: huenda huu ndio unaomchanganya. Tangi likiwa safi, ataacha kulifunika. Na akiacha kulifunika kabla ya Jumamosi, kaka hatakuwa na la kusema.

Alisoma kwenye simu wakati ugali wa baba ukipoa mezani. Utando ule haukuwa mwani hasa, ilisemekana, ila aina ya bakteria. Neno hilo lilimkaa vizuri. Bakteria aliwajua. Kwenye rafu ya tatu kazini kulikuwa na antibiotiki ambayo kila siku aliwakatalia wateja wasio na cheti cha daktari, akiwapa na somo juu yake. Jumanne alijinunulia pakiti mbili. Jioni aliviponda vidonge kwenye kinu, akavikoroga na maji, akaanza kumimina.

Baba aliinuka. Alikuja kwa kasi ambayo hakuwa nayo tangu augue, mguu ukikwaruza sakafu, akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima. "Basi! Basi!" Kucha zake zilimuuma.

"Baba, niachie. Naijua kazi yangu."

"Basi!"

"Niachie, Baba!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Mzee alimwachia. Kitinda akamalizia kumimina.

Jumatano ule utando ulikuwa umepauka kuwa kijivu. Jumatano jioni ulianza kubanduka wenyewe na kuelea vipande vipande. Kitinda alicheka peke yake, akampigia kelele Mama Pole aje aone. Usiku huo alilala kama gogo kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

Alhamisi, saa sita na robo, simu iliita.

"Njoo," Mama Pole alisema, na hakutoa pole. Ndipo Kitinda alipojua ni balaa. "Wote wako juu. Wamefungua midomo. Ni weusi kama masufuria. Na mzee ameshika mpira, anamwaga maji, sebule yote imelowa, hanisikii kabisa."

Alimwachia mwenzake ufunguo wa kabati akatoka na koti lake jeupe. Njiani, akikimbia na kutembea na kukimbia tena, akili yake iliifikisha hesabu ambayo ilipaswa kuifanya Jumanne. Dawa haichagui. Imeua bakteria wabaya, na imeua wale wazuri wanaoishi ndani ya chujio na kula sumu ya kinyesi cha samaki. Juu ya hayo, utando wote umekufa kwa mkupuo na unaozea humo humo. Samaki walikuwa wanaogelea ndani ya sumu hiyo, amonia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo.

Simu iliita tena mkononi mwake. Saa saba ilikuwa bado, lakini Mama Pole alikuwa ameshampigia kaka pia.

"Kuna nini huko?"

"Samaki wanakufa," alisema akihema.

"Ametia nini humo ndani?"

Kitinda alisimama katikati ya njia. Mtu mwenye mkokoteni alimkwepa akinung'unika. Alikuwa na nafasi ya kusema, Si yeye, ni mimi. Maneno manne. Yalikuwa pale pale mdomoni. Kimya kikapita, kikawa kirefu kuliko kimya cha mtu asiyejua.

"Nilijua," kaka alisema, na sauti yake haikuwa ya ushindi, ilikuwa ya huzuni. "Nilijua tu ipo siku." Akakata.

Mlango ulikuwa wazi. Maji yalikuwa yamefika hadi kwenye zulia. Baba alikuwa amepiga magoti ndani ya maji hayo, mpira mmoja unanyonya kutoka kwenye tangi na kumwaga kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa inafurika kwa sababu hakuweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Mama Pole alisimama kando na kitambaa cha kupangusia, hajui aanze wapi.

Kitinda alitaka kusema, Baba, acha, toka hapo. Badala yake aliangalia, na kwa sababu ya hofu aliona kila kitu kwa makini. Bomba la chujio, ambalo siku zote lilimwaga maji chini kimya kimya, lilikuwa limeinuliwa na kufungwa kwa kamba ya kiatu ili maji yaanguke kwa kishindo na kuingiza hewa. Mabaki ya utando yaliyokuwa yanaelea yalikuwa yameshachotwa na kujazwa kwenye bakuli. Chakula cha samaki kilikuwa kimeondolewa kwenye rafu yake na kuwekwa juu ya kabati, mbali. Na birika lilikuwa jikoni, juu ya jiko lenye gesi, likichemka, mwali umeshushwa kiasi kinachotakiwa.

"Nani amewasha jiko?" aliuliza.

"Yeye," Mama Pole alisema. "Nilitaka kumzuia. Alikuwa mwangalifu kuliko mimi."

Baba aliinua uso. Alimwonyesha Kitinda kwa kidole ndoo iliyojaa, kisha choo. Akanyoosha kidole kwenye ndoo tupu, kisha bombani. Akachukua kipimajoto cha kioo kutoka mfukoni mwa shati na kukigongesha kwenye ukingo wa ndoo: tin, tin.

Walifanya kazi hiyo kwa saa mbili. Yeye alibeba, baba alipima. Maji ya bomba na ya birika yalichanganywa mpaka kipimajoto kiseme ishirini na tisa, na dawa ya kuondoa klorini ikatiwa kwa matone ambayo baba aliyahesabu kwa kutikisa kichwa. Mara moja, kwa haraka zake, Kitinda alitaka kumimina ndoo iliyokuwa na nyuzi ishirini na sita. Baba aliuzuia mkono wake. "Basi." Safari hii alisimama. Akaongeza maji ya moto.

Walipobadilisha nusu ya tangi samaki sita walishuka chini kidogo na matamvua yao yakapunguza mwendo. Bi Mkubwa alibaki amelalia ubavu juu ya majani, jicho moja jekundu likitazama dari. Baba alitia mkono majini akamshika kwa kumwegemeza, wima, mbele ya maji yanayoanguka, akakaa hivyo bila kuchoka.

Alipoutoa mkono, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzima taa. Ya pili ikawa kulivuta shuka.

Kitinda alikuwa ameshalikamata pindo la upande wa pili ili alitoe. Kitu kikamkataza. Aliliachia, akaenda uani, akampigia Mapezi.

"Mjomba, nikuulize. Mtu akiwa na ule utando wa kijani unaoteleza, wewe unamwambia afanye nini?"

"Giza," Mapezi alisema papo hapo. "Zima taa, funika tangi na shuka zito, siku nne mwanga usiingie hata chembe. Chakula punguza au acha kabisa. Ule mdudu anaishi kwa mwanga na uchafu, mnyime vyote viwili. Diskasi hawadhuriki na giza. Dawa usitie, utaua chujio. Lakini mbona unaniuliza mimi? Aliyenifundisha hayo ni baba yako."

Kitinda alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alipokuwa akitia chakula: basi. Taa ilipowaka mchana kutwa: basi. Alipokuwa akimimina dawa, mzee amemkamata mkono kwa nguvu zake zote: basi, basi. Neno lile moja aliloachiwa, alikuwa amelitumia mahali pake hasa, na wao wakaambizana halina maana. Alijaribu kukumbuka basi nyingine zote za miezi minne, sukari ya chai, redio, blanketi la pili, na nyingi hakuzikumbuka, na hilo lilimuumiza zaidi.

Ijumaa asubuhi Bi Mkubwa alikuwa amekufa. Kitinda alimkuta baba mezani, samaki amefungwa vizuri ndani ya gazeti. Kando yake, mbele ya kikombe cha Kitinda, palikuwa na pakiti mbili tupu za vidonge, zimetolewa kwenye pipa la taka na kunyooshwa.

"Nisamehe, Baba."

Mzee hakumtazama. Uji aliomletea aliusukuma ukaenda hadi ukingoni mwa meza. Mama Pole alipofika na kumpa uji ule ule kutoka kwenye sufuria ile ile, aliunywa wote. Mchana vivyo hivyo. Kitinda, aliyeomba ruhusa kazini siku hiyo, alilia jikoni akiwa ameegemea jokofu, na katikati ya kilio akatambua kitu kilichomfanya anyamaze. Hii ilikuwa hasira yenye anwani. Mzee alijua nani amefanya nini, siku gani, kwa kutumia nini. Mtu aliyepotewa na akili hanuni kwa mpango namna hii.

Lakini kaka alikuwa bado anaamini kitu kingine, na aliamini kwa sababu yeye Kitinda alinyamaza. Alishika simu mara nyingi siku hiyo. Mara moja alipiga, na kaka alipopokea alimwuliza tu atapanda basi la saa ngapi. Alijiambia mambo kama hayo yanasemwa ana kwa ana. Alijua anajidanganya. Kazini kwake mtu aliyekosea dawa aliandika kosa lake kabla ya kuvua koti. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wengine hivyo. Na tayari sauti ndogo ilikuwa inamnong'oneza kwamba samaki alikuwa mzee, kwamba kaka hatauliza tena, kwamba baba, ambaye ndiye shahidi pekee, hana maneno.

Wazo hilo la mwisho lilimwogopesha kuliko yote.

Jumamosi kaka aliingia saa tano kasorobo, begi begani, viatu vyenye vumbi la safari. "Shikamoo, Baba." Baba alimpa mkono wa kushoto. Kaka alitazama shuka la bluu lililotanda kwenye tangi, akatikisa kichwa, akamgeukia dada yake kwa macho ya mtu aliyechoka.

"Unaona sasa?"

"Ni mimi," Kitinda alisema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyetia dawa. Antibiotiki, Jumanne. Baba alinizuia, alinishika mkono mpaka nikaumia, nikamfokea. Uliponiuliza Alhamisi nikakaa kimya. Na shuka, Kaka, shuka ndiyo tiba yenyewe. Alikuwa anatibu. Mimi ndiye niliyekuwa naharibu."

Kaka alilishusha begi polepole. "Siku mbili," alisema. "Siku mbili nimekaa nikijua baba yangu amewaua samaki wake kwa mkono wake. Nimemwambia mke wangu. Nimewaambia watoto babu yao hajitambui. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ungeacha nimchukue hivyo?"

"Sijui," alisema, maana huo ndio ukweli wenyewe.

Baba, kwenye kiti chake, alikuwa amemtazama binti yake tangu neno la kwanza, na hakuondoa macho. Huenda kaka angeendelea kufoka, huenda angechukua begi lake akatoka nje kupunga hewa kama kawaida yake akikasirika, lakini honi ililia, na Mapezi akaingia na mikanda ya kufungia mzigo begani.

Mapezi hakusalimia mtu mwingine. Alienda moja kwa moja kwa mzee, akachuchumaa mbele yake, akainua pindo la shuka kwa vidole viwili kama anayechungulia mtoto aliyelala, akalishusha.

"Giza siku ya ngapi?"

Baba aliinua vidole viwili.

"Ulibadilisha maji?"

Kichwa: ndiyo.

"Nusu?"

Kichwa: ndiyo. Kisha baba akaelekeza mkono kwenye dirisha, akachora jua likizama hewani, akainua kidole kimoja, akakikata katikati kwa kidole gumba.

"Na jana jioni tena, nusu ya nusu, robo. Vizuri. Chujio umeliosha?"

Baba alikunja uso kama aliyetukanwa. "Basi!"

Mapezi aliangua kicheko. "Nilikuwa nakujaribu, mzee. Ukiliosha sasa hivi ndio umewamaliza. Nitakuletea sponji kuukuu kutoka kwenye matangi yangu, lenye wadudu wazuri, tulibane humo ndani. Leo alasiri?"

Baba alifikiri. Akatikisa kichwa, akainua mkono juu kuonyesha jua la utosini.

"Mchana huu. Sawa, bosi." Mapezi akasimama, akatazama ile mikanda begani kama vile mtu mwingine ndiye aliyemwekea. "Sasa, nani alisema tangi linahama?"

Kaka alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi. Uso wake ulikuwa umelegea. Tangu baba augue hakuwahi kumwona akizungumza na mtu, na sasa alikuwa amemwona, kwa muda wa kuvuta sigara moja, akizungumza, akikataa, akiudhika, akipanga ratiba.

"Baba," alisema, "unataka kwenda kukaa kwangu?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Mzee alimtazama mwanawe wa kwanza kwa muda, bila ukali. Akatikisa kichwa: hapana. Kisha akanyoosha mkono, akampigapiga gotini, kama kumwambia asichukulie vibaya.

Mambo hayakuisha siku hiyo moja. Kaka bado alitaka mtungi wa gesi uhamishiwe nje na uwe na kufuli, na baba, aliyechemsha birika Alhamisi bila ajali yoyote, alinuna kwa ajili hiyo mpaka Jumapili. Jumatatu walitoa shuka. Utando ulikuwa umekwisha, umebaki unga wa kijivu mchangani ambao Kitinda aliunyonya kwa mpira. Nusu ya nyasi zilikuwa zimekufa, majani mapana yamepauka, na mmoja wa samaki sita alikuwa na pezi lililoliwa ambalo halikuota tena. Baba alikirudisha kisaa cha taa kwenye soketi, akakitegesha saa sita kwa siku, akamwonyesha Kitinda kwa vidole ili kusiwe na ubishi. Siku hiyo jioni alikula alichopika Kitinda.

Utando umewahi kurudi mara moja tangu hapo, doa la ukubwa wa sarafu nyuma ya gogo. Kitinda alipoliona alikimbilia kwa baba akiwa amesahau hata kuvaa viatu, na mzee alilitazama lile doa, akamtazama yeye, akaenda zake kufungua dirisha, kama kumwambia doa dogo hivyo halikustahili mbio zote zile.

Mtaalamu wa matamshi anakuja kila Jumatano. Baada ya miezi mitano baba ana maneno manne, na moja si la kutamka mbele ya wageni. Kaka naye amebuni njia yake. Kila Jumapili anapiga simu, Kitinda anaiweka mezani kwa sauti kubwa, na baba anajibu kwa kugonga ubao wa meza: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Jumapili iliyopita walibishana dakika arobaini kuhusu lini ukarabati wa paa uanze, kaka akizungumza bila kupumua na baba akigonga, mpaka Mama Pole akaja kutoka kwake kuuliza ni fundi gani huyo anayefanya kazi siku ya mapumziko.